Upanga wa Baba Lavender

"Ushike vizuri," Jael alisema. "Mtu hawezi kununua upanga bila kuushika."

Osewe akaushika. Mpini wa pembe ulimkaa mkononi kana kwamba ulichongewa yeye. Jael mwenyewe alikuwa ameutoa chini ya kitanda kwa leso, akausukuma mezani bila kuugusa.

Osewe, mchuuzi wa panga za kale, alitoka Laini Saba, kule Kibera, hadi Kawangware kwa ajili ya simu moja ya mwanamke asiyemjua. Ukifika kwa ploti, Jael alimwambia, uliza Baba Lavender, sema umekuja kumwona. Akauliza. Watu wa pale langoni wakamwelekeza.

"Na mzee mwenyewe?"

"Amelala." Jael alitupia jicho pazia lililogawa chumba. "Alirudi amechoka. Ongea polepole."

Sakafu ilikuwa bado mbichi, na harufu ya Jik, dawa ya kutoa madoa, ilimchoma Osewe puani. Akausogeza upanga dirishani. Hakutaka kupata hasara tena. Upanga wake wa kwanza ulikuwa springi ya gari, umefuliwa na mafundi wa jua kali kisha ukazikwa matopeni ili uonekane mzee. Wa pili ulikuwa wa kweli, wa familia moja ya Makina, naye kwa ushamba wake akausugua kwa msasa hadi ukang'aa. Alitoa kutu, akatoa na maandishi ya fundi. Mnunuzi aliutazama mara moja tu, akaenda zake. Jambo hilo lilimnyima Osewe usingizi kwa muda mrefu.

Huu ulikuwa wa kweli. Karibu na ncha, madoa ya kahawia yalikuwa yameganda kwenye chuma.

"Utauosha?" Jael akauliza.

"Zii, Mama Lavender. Hayo madoa ndiyo umri wake. Ukiyaosha umeharibu kila kitu."

Kwa mara ya kwanza, Jael alitabasamu.

Hakubishana bei. Ala ilipotea zamani, alisema, na gunia hana. Osewe akauficha upanga chini ya koti, akaaga kwa kunong'ona, akatoka. Moyo ulimdunda kwa furaha. Safari hii hakuwa amekosea popote.

Alikuwa hajafika langoni aliposikia mlango ukigongeshwa ukutani nyuma yake.

"Uwiii! Majirani! Mshikeni huyo! Amemuua Baba Lavender!"