Mto Kwenye Kiti cha Dereva

Magoti yangu yaligonga usukani, nikabaki nimebanwa kama nguo kwenye sanduku.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kazini ughaibuni. Gari langu nilimwachia kaka, mrefu kama mlingoti. Lakini uwanja wa ndege alinipokea Mama, peke yake. Alisema kaka ameliegesha gari, kisha kaitwa kazini ghafla, kwa hiyo niendeshe mimi.

Kaka asingeenea kwenye kiti hiki hata kwa dawa. Kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, na chini yangu kulikuwa na mto wa sebuleni kwetu.

"Mama, nani kalileta gari hapa?"

"Si nimekwambia?" Alikuwa ameketi kando yangu, anajifunga mkanda. "Mtoto hata hajapumzika, maswali kama polisi! Zawadi yangu iko wapi?"

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alimkataza kuendesha tangu mwaka jana. Kwenye simu, kila nilipomuuliza, aliniapia kwamba sasa anaona vizuri.

Nilifungua boksi la chokoleti. Nikatoa moja, nikaishika katikati yetu.

Alitabasamu, akanyoosha mkono. Vidole vyake viliipita chokoleti, vikagusa kifundo cha mkono wangu, vikaanza kupapasa.

Nje, watoto walikuwa wakivuka mbele ya gari.

"Nilikuja polepole tu, mwanangu," akasema.