Harufu ya Sabuni

Tangu maji yaanze kutuwasha, hapa chuoni hakuna anayeoga. Tunajipaka mafuta, tunakwangua nongo kwa kijiko, kijiko tunakipangusa ukutani. Asiyewashwa tunamwona najisi. Hatuli naye sinia moja.

Jana Tumsifu, ninayelala naye chumba kimoja, alirudi kutoka kwao akinuka sabuni. Nikaziba pua.

"Umeoga?"

"Mama alininawisha kabla ya kula. Sikuwashwa, mwenzangu. Hebu lete mkono."

Kabla sijakwepa, akanimwagia maji. Nikasubiri muwasho; haukuja. Ulibaki mstari wa ngozi safi, laini kama ya mtoto wa panya.

Wenzetu wakachungulia mlangoni.

Nikajikuna mpaka damu ikanitoka, nikamnyooshea Tumsifu kidole.

"Huyu hapa, hawashwi!"