Risasi Puani

Ndege ya kivita ya Kijapani aliyoiunda Zaituni kwa vijiti na karatasi ilikuwa nyepesi mbele. Kila alipoirusha ilinyanyua pua, ikaanguka.

"Itie hii," alisema baba yake, akimkabidhi risasi ambayo ndege kama ile ilimwachia pajani vitani. "Ni mali yao. Warudishie."

Risasi ikaenea puani kana kwamba ilipimiwa humo. Zaituni akasokota mpira wa kuzungusha pangaboi, akaiachia ndege uani. Ikapaa sawasawa, ikazunguka paa, kisha ikageukia kiti cha mzee.

"Baba, inama!"

"Nimeiinamia miaka mingi, mwanangu, hata usingizini."

Akashika mkongojo, akasimama. Kivuli chenye mbawa kilikuwa kimeshafika miguuni pake.