Kura ya Mwizi

Sheria ilisema kura ya mwizi aliyetiwa hatiani ni ya aliyeibiwa, maisha yake yote. Tangu hapo wagombea wa mtaa ule wakawa wepesi wa kusahau vitu barazani.

Chilumba alikuwa bingwa wao. Kwa simu mbovu alizozitelekeza makusudi alishajipatia kura tisa, na bado alijiita mtetezi wa wanyonge. Mkewe Sikudhani, ambaye hakuwahi kumpigia kura, alimdharau kimyakimya, kama mtu anavyoidharau harufu aliyokwisha kuizoea.

Jioni moja akaikuta saa ya mumewe juu ya mto wa Makwinya, kaka yake, aliyekuja kwao kutafuta kazi.

“Hata shemeji yako unamtega?”

“Nimesahau tu, mama. Kwani nduguyo ana mkono mrefu?”

“Huna haya wewe!”

Ili kaka yake asiiguse, Sikudhani akaitwaa ile saa na kuifungia kabatini mwake, chini ya kanga.

Asubuhi polisi wawili wakapiga hodi. Chilumba aliwakaribisha chai.

“Shemeji yangu hana kosa,” aliwaambia kwa upole. “Anzeni na kabati la mke wangu.”