Presha ya Mayala Inashuka

Tisini kwa hamsini na tano. Vumilia aliufungua mkanda wa kipimo mkononi mwa mumewe, akaufunga upya, akabonyeza tena. Themanini na nane.

Mwezi mzima presha ya Mayala ilikuwa ikishuka, naye mkewe akishangilia kimoyomoyo. Ilikuwa imewahi kufika mia na tisini, na zaidi ya hiyo ana sukari. Daktari wa zahanati hapa Segese alimwandikia dawa za yote mawili. Mayala akazitupa chooni. Mtu aliyeshuka maduara, yale mashimo ya dhahabu, miaka ishirini ameze vidonge kama kikongwe? Mkewe alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, Mayala akacheka mpaka akakohoa. Kupimwa alikubali; dawa, hapana.

Basi Vumilia akaacha kubishana. Mwanamke akinyamaza ghafla namna hiyo, ujue kuna jambo. Alirudi zahanati akachukua mwenyewe dawa zilezile, na kila asubuhi akawa anazisaga na kuzikorogea kwenye uji wa ulezi. Alitia ndimu nyingi kuficha uchungu. Mume akanywa, akausifu.

Juzi aliinuka kitini akayumba, akashika ukuta. Jana alilowa jasho la baridi. Leo bakuli la uji limeisha, midomo imempauka, na mikono inatetemeka. Vumilia aliogopa kweli. Dawa hakuzidisha hata punje. Alifuata alivyoandika daktari. Alimshuku uchawi jirani mwenye kijicho, akamshuku na shemeji yake, kisha akaona haya.

"Baba Kudra, niambie ukweli. Kuna kitu umekula?"

Mayala aliinamisha kichwa. Alikuwa na aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Nisikilize, usinicheke. Kuna usiku ulilia ukidhani nimelala. Nilisikia. Nikaona nitakuacha mjane kwa ubishi wangu tu." Alipumua kwa taabu. "Nilipokwenda Masumbwe nikaingia hospitali. Nikapewa dawa zilezile, za presha na za sukari. Nimezificha kwenye buti la kazini. Sikutaka ujue kwamba umenishinda."

Vumilia aligeuka akalitazama bakuli tupu la uji.

"Mwezi mzima nameza, sijaruka hata siku moja," Mayala alisema, akijaribu kutabasamu. "Kila asubuhi, kabla ya uji wako. Mbona hufurahi, mama Kudra?"