Kura ya Nne

Baraza la watu saba waliojitolea, wasiolipwa chochote, lilikuwa likichagua tafiti za kompyuta ambazo serikali ingezipa kipaumbele kwa miaka kumi. Nafasi ilibaki moja. Kwa miaka miwili Dakta Nyamizi alikuwa ametetea mada moja tu: kompyuta ielewe maneno ya watu ambao ulimi umekuwa mzito baada ya kiharusi. Mumewe alikuwa mmoja wao.

Mwenyekiti, Profesa Kibwana, aliitisha kura. Mikono mitatu iliinuka, na zilihitajika kura nne. Nyamizi hakuinua wake.

“Dakta, mada ni yako,” mwenyekiti alimkumbusha.

“Niliyekuwa namtafutia nimemzika Jumanne,” alisema, kama anayesoma tarehe kwenye karatasi.

“Tunajua, dada, na pole tena. Tunaweza kuahirisha.”

“Wiki ile ya mwisho alikuwa akiniambia kitu. Kila siku kitu kilekile. Sikukielewa.”

Nyamizi akainua mkono, bila kuhisi chochote. Katibu akaandika kwamba mada imepita, na mwenyekiti akageukia tarehe ya kikao kijacho. Wajumbe wakaijadili kwa sauti ya chini. Mkono wa Nyamizi ulikuwa bado juu, na hakuna aliyethubutu kumwambia aushushe.