Nguo Haitupwi

"Miaka mitano ijayo, mnataka kuwa wapi?" Kiema akauliza.

"Mimi nataka kumwona Mutunga wa mitumba akivaa gunia," Ndinda akajibu.

Wanawake wakacheka hadi mabenchi ya kanisa yakalia. Kiema, kijana aliyetumwa na wafadhili kutoka Nairobi kuwafundisha kupanga mipango ya chama, hakujua acheke au aandike. Mwishowe akaandika kwenye karatasi ya manila ukutani: Kupunguza nguo za kutoka nje. Ndinda akamtazama tu. Hiyo ilikuwa ya karatasi. Yeye lake alishalisema.

Chama chao kilikuwa na watu Kanyangi, walikolima pamba, na Matiliku, walikoshona. Ukitaka kuingia, unaapa kwa neno moja: nguo haitupwi. Ikichanika inatiwa kiraka, ikichakaa inageuzwa kaptura ya mtoto, ikiisha kabisa inapangusiwa meza. Neno hilo lilikuwa la marehemu Kisilu, mume wa Ndinda, fundi wa makoti mjini Kitui.

Kisilu huyo alikuwa mtu wa mzaha. Koti liwe jeusi, liwe la kaki, matundu ya vifungo aliyashona kwa uzi mwekundu, eti mkewe asimpoteze sokoni. Kisha Mutunga akaleta mitumba, na wateja wakahama mmoja mmoja, hata wale wa kanisani. Kodi ikamshinda Kisilu, duka likapigwa mnada, na aliyenunua vyote, cherehani na makoti yaliyobaki yakining'inia, alikuwa Mutunga yuleyule. Kisilu akajilaza kitandani, asiinuke tena. Fundi wa makoti akazikwa na shati la kuazima.

Tangu hapo Ndinda hakuwahi kuliona koti la mumewe mwilini mwa mtu, si Kitui, si Matiliku. Akajiambia Mutunga aliyauza mbali kusudi, ili mjane asibaki hata na kifungo cha kushika. Mtu akitaja msamaha mbele yake, aliaga akaenda zake. Chama chenyewe, tuseme ukweli, alikianzisha kwa kinyongo. Pamba ilikuja baadaye.

Walikuwa wakinywa chai ya mapumziko mkokoteni ulipofika mlangoni. Juu yake palikuwa na bale ya mitumba, furushi kubwa la gunia, imefungwa mikanda, imejaa vumbi. Kando yake alisimama Shamso, aliyeuza leso sokoni karibu na kibanda cha Mutunga.

"Mama Ndinda, Mutunga anaumwa sana, hatoki kitandani," Shamso akasema. "Amesema hii ni yako. Usiiuze, usiigawe. Uifungue mwenyewe, nyumbani, mlango ukiwa umefungwa."

"Ndani kuna nini?"

"Wallahi sijui. Alifunga mwenyewe, na hata vibarua wake hawakuruhusiwa kuigusa."

Ndinda akaizunguka ile bale kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa. Damu ikaanza kumchemka.

"Mimi najua," akawaambia wenzake. "Ni nguo za ndani za Wazungu. Nimesimama hapa nikisema mitumba ni aibu, naye ananiletea aibu yenyewe nikaione chumbani kwangu. Anakufa, na bado ananicheka."

Wanawake wakaguna. Ndinda akarudi ndani, akaichukua kalamu mkononi mwa Kiema, na chini ya maneno "Mwaka wa Kwanza" akaandika mwenyewe: Kuchoma mitumba hadharani, sokoni.

"Ndinda, neno letu linasemaje?" Kasyoka, katibu wake, akauliza.

"Linasema nguo. Hii si nguo, ni matusi."

"Basi tuifungue kwanza. Pengine kuna sweta za watoto, na Julai hii baridi imezidi."

"Ukiifungua sokoni watu watanyang'anyana. Mimi nitabaki kuchoma nini?"

"Hasira hasara, Ndinda."

"Hasara nilishaipata. Sasa ni zamu yake." Akageukia benchi. "Wanaokubali ichomwe, mikono juu."

Mikono ikapanda, wa Kasyoka ukiwa wa mwisho.

Siku ya soko waliiburuta bale hadi mbele ya kibanda cha Mutunga kilichofungwa. Umati ukajaa. Ndinda alimwaga mafuta ya taa mwenyewe, pole pole, kila pembe, asimwachie mtu raha hiyo. Alichosikitikia ni kimoja tu, kwamba Mutunga hakuwa na nguvu za kuja kuona.

Shamso akapenya katikati ya watu, anahema.

"Mama, natoka kwake sasa hivi. Anauliza kama umeshaifungua. Analia, mama. Nakuomba, ifungue tu uone."

Analia. Ndinda alilingoja neno hilo miaka yote ya ujane wake, na lilipofika lilikuwa tamu kuliko alivyodhani.

"Mwambie inafunguka," akasema, akawasha kiberiti.

Moto ukaruka juu. Wanawake wakaanza wimbo, Ndinda akiongoza, sauti yake ikisikika hadi upande wanakouziwa mbuzi. Gunia likaungua, mkanda mmoja ukakatika, kisha wa pili.

Kasyoka ndiye aliyeacha kuimba kwanza.

Bale ikapasuka na makoti yakamwagika motoni, meusi kwa ya kaki, yamekunjwa vizuri, hayajavaliwa na mtu, na kila tundu la kifungo lilikuwa na uzi mwekundu.